Rimoti na kitufe cha kuwashia kwenye pikapu ya zamani: uzoefu wangu hapa Pemba

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya miaka ya tisini, dizeli, injini aina ya 3L, gia za mkono, milango miwili na siti moja ndefu ya mbele. Kazi yake ni shamba. Msimu wa karafuu inateremsha magunia, msimu ukipita inabeba ndizi, muhogo, matofali na watu wa harusi. Swichi yake ilikuwa imelika hadi ufunguo unauchomoa na injini bado inanguruma, na kijana wa jirani aliwahi kuiwasha kwa ufunguo wa Vespa ya babake, watu wanatazama na kucheka. Silinda mpya ya swichi Chake Chake sikuipata. Ndipo nilipoanza kuulizia hivi vifaa vya kuingia bila ufunguo na kuwasha kwa kitufe.

Kabla sijaenda mbali, wauzaji wanakuuzia mambo mawili kana kwamba ni moja. Kuna mlango kufunguka wenyewe ukisogea na rimoti mfukoni, na kuna injini kuwaka kwa kubonyeza. La kwanza likiharibika utabaki nje ya gari yako unasonya. La pili likiharibika huenda ukawa katikati ya mteremko na magunia nyuma. Mimi nayapima kwa mizani mbili tofauti.

Seti niliagiza kutoka duka moja la Kariakoo kwa shilingi 230,000, ikaja na boti mpaka Mkoani. Ndani mna kisanduku cha umeme, kitufe cha duara chenye taa ya buluu, antena mbili nyembamba za kubandika ndani ya kebini, rimoti mbili na furushi la waya za kila rangi. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina, na upande wa pili Kiingereza cha kubahatisha. Mota za loki hazimo, na hili muuzaji halitaji mpaka umuulize. Hilux hii haikutoka kiwandani na loki za umeme, kwa hiyo mota mbili nilizinunua mbali, 45,000. Hapo angalia: ya mlango wa dereva iwe ya waya tano, ya abiria waya mbili. Ya waya tano ina swichi ndani yake, ukifunga loki ya dereva kwa mkono ya abiria inafuata. Mwenye duka alitaka kunipa zote za waya mbili, "ni sawa tu bosi". Si sawa.

Utendaji wake si uchawi. Antena za kwenye gari zinatoa mawimbi ya masafa mafupi, kilohezi 125, yasiyofika mbali zaidi ya hatua moja mbili. Rimoti ikiyasikia inajibu kwa megahezi 433, kisanduku kikiitambua kinafungua mlango. Ukiondoka, kinafunga. Hii sehemu naipa alama zote. Ukitoka shamba una panga mkono mmoja na mkungu wa ndizi begani, au mvua ya masika imekukuta umebeba mtoto, mlango unasikia *tak* nawe unaingia. Loki za zamani za Hilux zilikuwa zinataka ubembeleze ufunguo, uvute kidogo, uzungushe. Sasa silinda za milango sijazigusa tena.

Kwenye kitufe ndiko kwenye maneno.

Fundi niliyempa kazi ni kijana wa umeme wa magari hapahapa Chake, mkono wake msafi, ila ana hamu ya kuonyesha kila kitu kinachowezekana. Alipofika kwenye waya wa kuwasha kwa mbali akaniuliza:

"Ami, nikuunganishie na hii? Unaiwasha uko ndani unakunywa chai, ukitoka injini ishapata moto."

"Gari umeikuta imeegeshwaje?"

Akachungulia. "Imo gia ya kwanza."

"Na hendibreki?"

Akaivuta, ikaja yote mpaka juu. "Hii haishiki, ami."

"Basi."

Akacheka, akauweka ule waya pembeni. Pemba ni vilima na mabonde, na gari za umri huu hendibreki zake ni jina tu, kwa hiyo kila mtu anaegesha ndani ya gia na jiwe chini ya tairi. Seti hizi zimebuniwa zikifikiria gari ya otomatiki iliyokaa kwenye P, yaani gia ya kuegeshea. Gari ya gia za mkono ikiwashwa kwa mbali ikiwa imo gia, stata, ile mota ya kuwashia injini, inazungusha matairi moja kwa moja, injini ikidaka gari inatembea yenyewe. Mbele ya nyumba yangu wakati wa msimu mna majamvi ya karafuu zinazoanikwa, na watoto juu yake. Na kuuacha waya mmoja bila kuunganishwa hakutoshi, kwa sababu amri ya kuwasha imo pia ndani ya rimoti, na kitufe cha rimoti kinaweza kujibonyeza mfukoni.

Dawa tuliyokubaliana ni swichi kwenye pedeli ya klachi, na hapa ndipo ninapotaka msomaji mwenye gari ya gia za mkono atulie. Mafundi wengi wanachukua waya wa breki wa seti wanaupeleka kwenye taa za breki, basi, kazi imekwisha. Kwa hivyo unaweza kukanyaga breki, ukabonyeza, na gari ikaruka mbele kwa kuwa imo gia. Sisi waya wa breki tuliupeleka kwenye breki kama maelezo yanavyosema, lakini waya wenyewe unaokwenda kwenye stata tukaukatisha kwa swichi ya klachi. Bila mguu kwenye klachi stata haipati umeme, aamuru nani aamuru, rimoti au kisanduku chenyewe kikichanganyikiwa. Swichi yenyewe ni ya bei ya soda kadhaa, na fundi akikwambia haina haja, tafuta fundi mwengine.

Kingine ni kuzima. Kwenye seti yangu ukigusa kitufe mara moja huku umekanyaga breki, injini inazima, hata kama gari inakwenda. Gari zinazotoka kiwandani na kitufe hukutaka ukishikilie kwa sekunde kadhaa au ukibonyeze mfululizo, kusudi kisiguswe kwa bahati mbaya. Hizi seti za bei rahisi hazina subira hiyo. Injini ya 3L ina solenoidi kwenye pampu ya dizeli: umeme ukikatika, mafuta yanakatika, injini kimya. Na nguvu ya kusaidia breki inatokana na pampu ya upepo iliyo nyuma ya alternata (ile inayochaji betri), nayo inasimama pamoja na injini. Unabakiwa na kanyago moja mbili laini, baada ya hapo pedeli ni gumu na mguu wako tu. Ndiyo maana kitufe sikukubali kiwekwe pale karibu na gia fundi alipopapenda, ambapo goti la abiria wa katikati linafika. Kiko kulia kwa usukani, upande wa mlango wangu, na hakuna goti linalokifikia ila langu.

Wazee wanaonitania kwa "umejitia usasa" nawakumbusha kwamba Land Rover za mwanzo kabisa zilikuwa zinawashwa kwa kitufe kwenye dashibodi. Ufunguo wa kuzungusha hadi stata ulikuja ukazoeleka baadaye. Tumerudi tulikotoka, na waya zimeongezeka.

Dizeli nayo ina tabia yake ambayo hii seti haiijui. Ukikanyaga breki na kubonyeza, kisanduku kinapitisha umeme na papo hapo kinaita stata, hakingoji ile taa ya koili, yaani ya kupasha injini moto kabla haijawashwa, izime. Asubuhi ya baridi ya kipupwe injini yangu bila kupashwa inakohoa moshi mweupe hadi jirani anafunga dirisha. Kwa hivyo utaratibu ni huu: mguu uwe mbali na breki, bonyeza mara mbili ili dashibodi iwake, subiri taa ya koili izime, kisha klachi na breki, bonyeza tena. Kulizoea ni rahisi, kumfundisha dereva wa kuazima ni kazi. Halafu kisanduku kinataka kujua injini ishawaka ili kiache stata. Karatasi inasema uchukue ishara kwenye koili ya cheche. Dizeli haina cheche. Fundi alichukua waya wa taa ya chaji kwenye alternata: injini ikiwaka, alternata inachaji, kisanduku kinaelewa. Kabla ya hapo kilikuwa kinazungusha stata sekunde chache na kuiachia katikati ya kikohozi, unaanza upya.

Hata waya wa kuamuru stata ya dizeli unavuta umeme mwingi, na rilei ndogo (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zilizomo ndani ya kisanduku sikuziamini. Tuliongeza ya nje, ile ya kawaida ya ampia 40 yenye miguu 30, 85, 86 na 87, na fyuzi yake. Maungio yote yalilehemiwa kwa risasi na kuvishwa mipira ya kusinyaa kwa moto. Kusokota na teipu hapa kisiwani ni kujitakia, chumvi ya hewa inaingia, shaba inageuka kijani, na mwaka hauishi unamtafuta fundi saa mbili usiku. Rilei, waya, swichi na risasi 25,000, ufundi 90,000. Jumla 390,000.

Swichi ya zamani hatukuitoa. Waya za kisanduku zimeungwa sambamba nayo, kwa hiyo kisanduku kikifa ninazungusha ufunguo kama zamani na gari inawaka. Fundi mwengine alishanishauri niikate yote ili dashibodi ipendeze. Akitaka kupendeza akapambe harusi. Gharama ya njia yetu ni kwamba loki ya usukani ilibidi iondolewe, kwa sababu bila ufunguo ndani usukani unajifunga. Mwizi akivunja kioo usukani haumzuii tena. Badala yake nimetia swichi ya siri kwenye waya wa solenoidi ya dizeli. Ilipo anajua mke wangu na mimi.

Maisha ya kila siku na kifaa hiki yana vituko vyake. Mimi naegesha chini ya dirisha la chumba cha kulala, na kanzu yenye rimoti hutundikwa nyuma ya mlango. Ukuta ni wa mawe lakini dirisha ni wazi. Usiku wa kwanza gari ilikuwa inafunga na kufungua mpaka alfajiri, *tak*, kimya, *tak*, kwa sababu rimoti ilikuwa pale pale mpakani, mara inasikika mara haisikiki. Mke wangu alidhani ni panya wa darini. Sasa rimoti inalala kwenye kopo la maziwa la bati jikoni, kifuniko juu, na mawimbi hayapiti. Hilo kopo linasaidia na jambo jengine: kuna wezi wa ng'ambo wanaokuza mawimbi ya rimoti iliyo ndani ya nyumba ili gari idhani mwenyewe kafika.

Kwa wenzangu wa pwani, rimoti si ya kuingia nayo majini wakati wa kukokota mashua. Betri yake ni CR2032, ya duara, inapatikana hata maduka ya saa, na ikichoka utaona mlango unakulazimisha usogee karibu zaidi. Seti yangu ina pia kidude kidogo chenye chipu, ukikigusisha kwenye kona ya kioo cha mbele kinafungua bila betri. Hicho usikiache ndani ya gari.

Kisanduku hakilali kamwe, kila mara kinatafuta rimoti. Mita ya fundi ilionyesha kiasi cha miliampia 30 gari ikiwa imezimwa. Kwa betri nzima ya ampia-saa 70 hiyo ni karibu mwezi na nusu kufika nusu, kwa betri iliyochoka ni mapema zaidi. Gari inayotumika haioni tofauti, lakini ukisafiri kwenda Unguja na kukaa huko, toa waya wa hasi.

Hukumu yangu? Loki za rimoti mtie hata kesho, na ukinunua loki peke yake bila kitufe bei ni sehemu ndogo ya hii. Kitufe ni kwa yule ambaye swichi yake imekufa kama yangu na ana fundi anayekubali kuulizwa maswali. Ikiwa swichi yako ni nzima na unakitaka kwa ajili ya ile taa ya buluu, nunua tairi.

Wenye malori madogo, Canter, Dyna na Elf, wananiuliza kama nao wanaweza. Nyingi ya hizo ni za volti 24, na seti hizi ni za volti 12. Ukiiunga moja kwa moja unaiunguza. Kuhesabu betri hakutoshi, maana kuna gari za volti 12 zenye betri mbili zilizofungwa sambamba. Mwambie fundi apime kwa mita kwenye waya wa swichi yenyewe kabla hujatuma pesa Kariakoo, na ikisoma 24 ulizia seti iliyoandikwa hivyo kwenye kisanduku. Kuvuta umeme wa betri moja tu kati ya mbili ili upate 12, kama ninavyosikia baadhi wanavyofanya, kunaichosha ile moja na kuiua, na bei ya betri unaijua.