Rolleiflex 3.5F mkononi kwenye baridi na mawingu: uzoefu wangu

Wadau, hii Rolleiflex 3.5F, kamera ya filamu ya lenzi mbili unayoitazama kutoka juu, ile yenye lenzi ya kupigia ya Planar 75mm, nimepiga nayo mitaani majira mawili ya baridi sasa. Mwanzoni nilijua ni kamera ya jua, kwamba mawingu yakishuka naifungia kabatini. Imekuwa kinyume kabisa, siku hizi anga likiwa la kijivu na watu wamejikunyata ndani ya makoti ndo naichukua.

Kwanza haina betri. Shata yake, yaani kile kinachofunguka kuingiza mwanga, ni springi na vyuma tu, kuanzia sekunde 1 mpaka 1/500, so baridi haiizimi kama inavyoizima simu yangu, maana simu naitoa mfukoni ina chaji ya kutosha, nikiishika kidogo kwenye upepo imekata. Kamera ina mita yake ya mwanga ya seleniamu, nayo haitaki betri, ila kwenye kagiza ka saa kumi jioni sindano inalala tu haikwambii kitu. Mimi natumia mita ya mkononi na inakaa mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.

Sasa mwanga wenyewe. Katikati ya majengo marefu, mawingu mazito, filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kushika mwanga) inanipa kama 1/60 ya sekunde kwa f/4 (ukubwa wa tundu la lenzi, namba ikipanda tundu linapungua), na kwa 1/60 mtu anayetembea haraka miguu inavutika. Kwa hiyo HP5 Plus, filamu yangu hiyo ya 400, naipima kama vile ni ya 1600 halafu wakati wa kusafisha naiongezea muda, hapo napata 1/125 kwa f/5.6 na naanza kupumua. Fokasi naifunga mita 3 sigusi tena, kwa f/5.6 kila kitu kuanzia kama mita 2.6 mpaka 3.5 kinatoka vizuri, ni kama mita moja tu, kazi yangu inabaki kumsubiri mtu aingie humo. Vivuli vinakuwa vizito na chembe za filamu zinaongezeka, sikatai, lakini negativu ya 6x6 (sentimita) ina eneo zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya 35mm, chembe hazijawahi kunisumbua. Na mwanga wa mawingu kwenye nyuso za watu ni mtamu jamani, hakuna kivuli cha kofia kinachoziba macho.

Kushika mkononi ndo raha yake. Hakuna kioo kinachoruka ndani, shata imo ndani ya lenzi kwa hiyo mlio ni mdogo sana na mtikisiko ni kama haupo. Mkanda naukaza shingoni, natoa pumzi pembeni, nainama, nabonyeza, na 1/30 inatoka safi. Hiyo ya kutoa pumzi pembeni usiipuuze, kwa sababu kamera unaitazama kutoka juu na ukipumua kuelekea chini ile lenzi ya kukuzia inapata ukungu wote, unabaki huoni kitu. Kioo cha kutazamia kwenyewe kina giza kwenye kona, na kulia kunaonekana kushoto, kukizoea kulinichukua wiki kadhaa.

Kuna mama alikuwa kituo cha basi amevua glovu moja anapuliza vidole, mvuke wa pumzi ukashika taa ya dirisha nyuma yake. Nilikuwa mita tatu hivi, nimeinamisha kichwa kama mtu anayesoma kitu. Hakugeuka. Ile picha ndo sababu ya mimi kuandika hapa.

Shida kubwa ni vidole. Picha ni 12 tu kisha unabadilisha rolo, na kwenye 3.5F karatasi ya filamu lazima ipite kati ya virola viwili vinavyohisi unene, ndo kamera ijue picha ya kwanza imeanzia wapi. Siku moja vidole vimekufa ganzi sikuipitisha, nikazungusha mkono wa kuvutia filamu ukaenda tu bila kusimama, rolo nzima imeisha bila picha hata moja, iliniuma sana. Sasa navaa glovu za ncha kufunguka na rolo nabadilishia kwenye mlango wa jengo, nje ya upepo. Mkono nauzungusha polepole pia, baridi ikiwa kali na kavu filamu ikivutwa haraka inaweza kutoa cheche na kuacha alama.

Kwa anayetaka kununua, hizi kamera zina miaka mingi na mafuta ya zamani yakiganda spidi za chini zinachelewa. Itoe nje kwenye baridi nusu saa, sikiliza sekunde 1 na 1/2, zikisuasua mpelekee fundi kwanza.

Na ukirudi ndani, ungali nje ifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, iache humo saa moja au mbili. Unyevu utakaa juu ya plastiki badala ya kwenye lenzi.