Inveta ya wakala pekee: mashine safi, namba ya siri iko Dar

Assalaam aleikum, habari za jioni ndugu zangu popote mlipo. Leo niko Sahare, hapa hapa Tanga, nyumbani kwa mama mmoja ambaye ni mtazamaji wetu wa siku nyingi. Mama anauza barafu, juisi na samaki wa kugandisha. Friza zake mbili hizo hapo nyuma yangu. Alinipigia simu ana hasira, nikaja, nikaikagua mashine mwenyewe, na sasa hivi mie nina hasira kumzidi yeye. Kama una mpango wa kununua inveta ya sola, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani, tulia hapo ulipo, usihame.

Jina la mashine mnaona nimeliziba kwa tepu nyeusi. Nimefanya makusudi. Nataka muijue tabia yenyewe, kwa sababu kesho mtakutana nayo kwenye friji, kwenye spika, kwenye printa, kwenye chochote kinacholetwa nchini na mtu mmoja tu.

Sifa za kwenye boksi mnazijua: kilowati 3, volti 24, wimbi safi. Turuke. Nianze na haki yake. Mashine hii ni nzuri. Feni yake haipigi kelele, unaweza kulala chumba kimoja nayo. Vishikio vya waya wa betri ni shaba nene, siyo vile vibati vinavyopinda ukikaza spana. Na kitu nilichokipenda kuliko vyote, njoo karibu hapa, kamera isogee... mnaona wavu huu kwenye matundu ya hewa? Wavu wa chuma, matundu madogo. Sisi wa pwani tunajua kwa nini. Mjusi anapenda joto la inveta, anaingia usiku, anagusa mkia huku na kichwa kule kwenye bodi, asubuhi unakuta mjusi kakauka na bodi imeungua. Nimefungua mashine nyingi hapa mjini nikakuta mzoga ndani. Na ukiipeleka kwenye waranti wanakwambia wadudu hawahusiki. Aliyeweka wavu huu alifikiria watu kama sisi. Nampongeza.

Basi kama mashine ni nzuri, ugomvi uko wapi?

Sikilizeni. Inveta za aina hii zinashughulika na vitu vitatu: paneli kule juu ya bati, betri hizi hapa chini, na umeme wa TANESCO. Lazima iambiwe ianze na kipi. Kwenye menyu kuna namba 01, hiyo ndiyo inayopanga foleni. Unaweza kuiambia jua kwanza, halafu betri, TANESCO awe wa mwisho. Au unaiambia TANESCO kwanza, betri zikae akiba mpaka umeme ukatike. Halafu kuna namba 16, hiyo inaamua betri zichajiwe na nani: jua peke yake, au jua likisaidiwa na TANESCO. Namba hizi mbili utazikuta kwenye inveta nyingi sana, hata zile zisizo na jina za Kariakoo, na mwenye mashine anazibadilisha mwenyewe akiwa amekaa kwenye kigoda.

Wakala, yaani huyo mmoja anayeileta nchini, kaiweka hii: jua, betri, TANESCO mwisho. Na betri zichajiwe na jua tu. Kiangazi sina ubishi nayo. Januari na Februari jua la Tanga linajaza betri kabla ya adhuhuri, mama anaokoa pesa ya LUKU, mambo safi. Lakini masika yakiingia, Machi kuelekea Mei, mawingu yanakaa kutwa. Sasa tazameni kinachotokea. Hii ndiyo sehemu niliyowaitia.

Kamera kwenye skrini. Betri, volti 23.0, yaani zimekwisha. Magharibi imetoka kuadhiniwa sasa hivi. Leo jua hatukuliona, kwa hiyo tangu alasiri friza mbili, feni na taa vinakula betri. Je, TANESCO hawapo? Wapo! Taa ya jirani ile pale inawaka. Naweka mita kwenye waya unaotoka kwenye mita ya LUKU: volti 221. Umeme mzima kabisa, umekaa mlangoni tangu mchana, mashine haikuugusa mpaka imezimaliza betri. Nyamazeni kidogo... tak! Mmesikia? Hiyo ni relei, swichi ya ndani ya mashine. Ndiyo kwanza inahamia TANESCO.

Sasa angalia alama ya betri pale kwenye skrini. Hakuna mshale. Haichaji. TANESCO anaendesha friza, lakini betri zimeachwa tupu mpaka jua la kesho, kama litatoka. Betri hizi ni za asidi. Ukizilaza tupu kila usiku, sahani zake zinashika salfeti, na baada ya muda hazishiki tena chaji hata ukizibembeleza. Kwa hiyo mama hapotezi usiku mmoja tu. Anapoteza betri zenyewe.

Nataka muone mpaka mwisho. Mama, naomba ruhusa nizime mein swichi, tujifanye umeme umekatika.

“Zima mwanangu, uwaonyeshe na wao waone.”

Haya, nimezima. Inveta imeshika, taa hazikupepesa, hilo iko vizuri. Lakini sikiliza mlio huo, tii, tii, tii. Hiyo ni onyo la betri. Betri mbili za amp-saa 200, ukiziunganisha kwa volti 24, zikiwa zimejaa zina kilowati-saa 4.8. Hata ukisema utumie nusu tu ili zidumu, bado ni saa kadhaa za friza. Zilinunuliwa kwa ajili ya dakika kama hii. Hapa katikati nimekata video msichoke... na hapo, imezima. Giza. Adhana ya isha bado. Mama ana samaki wa watu ndani ya friza, ana paneli juu ya bati, ana betri, ana inveta ya milioni mbili na ushee, na umeme ukikatika hana kitu.

Nimeuwasha tena umeme. Twende kwenye dawa, kwa sababu dawa ni ya dakika moja. Kitufe cha kulia, kandamiza, hesabu moja, mbili, tatu. Menyu imefunguka. 01, hiyo hapo. Nakandamiza nibadilishe... na hiki ndicho kilichomtoa mama machozi. Namba ya siri. Tarakimu nne. Naweka sifuri nne: tii, imekataa. Moja, mbili, tatu, nne: imekataa. Namba 16 hivyo hivyo.

Labda mtasema nisome kitabu. Nimesoma. Na kitabu chenyewe ni cha Kiswahili kizuri, kimechapishwa vizuri, wangeiga na wengine. Lakini fungueni ukurasa wa menyu pamoja nami. Kinaanza na 02. Halafu 03, 05... mpaka 15, kisha 17. Hiyo 01 na hiyo 16 hazimo. Mtu alikaa akaziondoa.

Tukapiga simu kwa wakala, Dar es Salaam. Ni mmoja tu nchi nzima, hakuna wa Arusha, hakuna wa Mwanza, hakuna wa Tanga. Sauti ya kijana aliyepokea sitawawekea, maskini anafuata maagizo. Alichosema ni hiki: namba haitolewi kwa mteja, ni utaratibu wa kampuni, fundi wao ndiye anayekuja kuiweka. Nikamuuliza anakuja lini. Akasema wakipata wateja wa kutosha upande wa Tanga. Gharama je? Laki mbili na nusu, pamoja na nauli na malazi ya fundi. Nikauliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mtatoa? Hapo akasema nitume kwenye namba ya simu ya fundi, tutaelewana. Hatuelewani, ndugu yangu.

Na fikirini: mama anahitaji kubadilisha masika yakiingia, na kurudisha yakiisha. Kila mwaka. Kila mara mtu apande basi kutoka Dar, karibu kilomita 350, ashuke Kange, aje Sahare abonyeze vitufe vinne, arudi. Umenunua nyumba, muuzaji kabaki na ufunguo wa jikoni, na kila ukitaka kupika unamlipa nauli!

Kuna wataalamu mtaniambia wamefunga kwa usalama. Nalijibu hilo kwa sababu lina ukweli kidogo. Kuna sehemu za menyu hata mie ningefunga. Volti ya kuchajia betri, kwa mfano: ukiikosea, betri za asidi zinachemka na kutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Funga hiyo, sawa. Lakini foleni ya nani aanze haiunguzi chochote. Na volti ya kuchajia, mnajua wameiacha wazi? Iko hapa, naibadilisha bila namba yoyote. Kwa hiyo kilichofungwa ni kile ambacho mteja atakihitaji mara kwa mara. Usalama haumo.

Na ushahidi mwingine. Mtazamaji wetu mmoja wa Duga Maforoni, kule Mkinga, ana mashine hii hii, rangi hii hii, namba ya modeli hii hii. Yeye aliinunua Mombasa, akapita nayo Horohoro akalipia ushuru, karatasi anazo. Alinitumia video: menyu yake inafunguka yote, hakuna cha siri. Kumbe kiwanda hakikufunga. Aliyefunga ni wa hapa. Lakini sasa sikieni upande wa pili: feni ya yule bwana imekufa, kaandika kwa wakala anunue feni tu, kajibiwa namba ya mashine yako haimo kwenye orodha yetu, hatukuhudumii. Feni! Hawauzi spea kwa fundi wa nje, hawauzi kwa aliyenunua kwingine, na kwingine pa kununua spea nchini hakuna. Wewe uliyenunua kwao umefungiwa menyu, na yule aliyenunua kwingine kafungiwa duka.

Kuwa wakala pekee siyo kosa, nisieleweke vibaya. Mtu kaweka mtaji wake, kaleta mzigo, kachapisha hata kitabu. Lakini mama alipokwenda dukani alisema kwa mdomo wake: nataka umeme ukikatika friza zangu zisizime. Muuzaji akamwambia chukua hii. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina jambo hili ndani yake: ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kuifanya na ukategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuiweza kazi hiyo. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya watumiaji. Mama na mie tumeshaandika barua. Kitabu tumekipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na video hii itaambatana nayo.

Habari ya risiti, kabla sijasahau. Risiti ya EFD ni karatasi ya joto, maandishi yanafifia. Hii ya mama ilikaa kwenye droo jikoni, tazama, jumla haisomeki, VAT haisomeki, tarehe inakisiwa. Waranti ni miaka miwili na wanadai risiti halisi. Ukitoka dukani tu, piga picha risiti, jitumie mwenyewe kwenye simu.

Mnaniuliza sana kuhusu zile za Kariakoo za bei nafuu. Nyingine ni nzuri, nyingine bati la kupozea joto ni jembamba mno, nitaleta mbili tuzilinganishe. Hapa kwetu kwenye chaneli hatupokei mashine ya bure kutoka kwa muuzaji yeyote, na msimamo huo haubadiliki, ndiyo maana video zinachelewa. Lakini zile zote nilizoshika, menyu ni ya mwenye mashine, na feni yake naipata Barabara ya 12 kwa bei ya nauli ya bodaboda. Kwa mtu wa Tanga hilo lina thamani kuliko wavu wa mijusi, na wavu ninaupenda kweli.

Kwa hiyo hii usinunue. Ningeisifu mpaka asubuhi kama ingekuja na namba yake. Na ukienda dukani kwa mashine yoyote ya wakala mmoja, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, afungue menyu, abadilishe 01 na 16, halafu akuandikie kwenye risiti kwamba spea zinauzwa kwa fundi yeyote. Akikataa, ondoka na pesa yako.

Mama hawezi kusubiri barua ijibiwe, samaki hawangoji. Namfungia chenjiova, swichi ya kuhamisha friza kwa mkono: masika friza zitatumia TANESCO moja kwa moja, inveta ikae bila mzigo, jua dogo litakalopatikana lijaze betri polepole. Umeme ukikatika, anageuza mkono wa swichi, friza zinahamia kwenye inveta. Ubaya wake ni kwamba ukikatika saa nane usiku itabidi aamke ageuze mwenyewe, na kazi hiyo mashine ilitakiwa kuifanya bila mtu kuamka. Swichi na waya kalipia yeye, ufundi wangu nimemwachia.

Mliotozwa kwa namba hizi, popote mlipo, andikeni hapo chini mlilipa kiasi gani na kama mlipewa risiti, tuongeze kwenye barua. Chenjiova naanza kuifunga sasa hivi, kamera naiacha inaendelea kwa wanaotaka kuona waya unapita wapi. Mama, nishikie tochi hapo.