Uso wa Yai na Miwani Inayoshuka: Nimejaribu Fremu Nne

Haya, karibuni tena. Kabla sijasema chochote, tazameni hapa. Naivaa. Nainama kama mtu anayesoma simu. Moja, mbili, tatu… imeshafika katikati ya pua! Sijaitikisa jamani. Na hii ndiyo ya bei kubwa kuliko zote nne zilizopo mezani.

Wenye uso wa yai tumeambiwa mpaka tumechoka kwamba kila fremu inatupendeza. Hata mimi nimewahi kusema hivyo humuhumu, naomba radhi. Kuna mwenzetu mmoja ana chati nzima ya maumbo ya nyuso, rangi nzuri kweli, lakini milimita hata moja hazitaji.

Kamera isogee. Ndani ya mkono wa miwani, mnaona? 54, kijisanduku, 18, halafu 145. Zote ni milimita: 54 ni upana wa lenzi moja, 18 ni nafasi ya puani kati ya lenzi mbili, 145 ni urefu wa mkono mzima, toka bawaba mpaka nchani nyuma ya sikio. 54 mara mbili, ongeza 18, ni 126, na bawaba za pembeni hujazihesabu. Uso wangu ni mwembamba. Napitisha kidole hapa kwenye panja… kinapita chote, hakigusi kitu. Sasa itashikiliwa na nini? Uzito wote umeangukia pua, na pua yangu mnaiona, mteremko mtupu.

Hii hii ya 54 ni ya asetati, aina ya plastiki, kwa hiyo fundi anaweza kuipasha moto mikono akaikunja vizuri. Ila hapa puani imetengenezwa kipande kimoja, hana cha kubana.

Chukua hii ya waya, ya bei ndogo kabisa. 49, 20, 145. Mtaniuliza, 20 si ndiyo itashuka zaidi? Haishuki, kwa sababu ya hivi vipedi viwili. Vimekaa kwenye vijiwaya, unavibana vinafuata pua yako. Nainama tena. Natikisa kichwa. Ipo! Na ninyi mnaovaa lenzi za kuonea mbali zenye namba kubwa, lenzi ndogo inawafaa zaidi, kingo hazitokezi kwa unene.

Ya tatu ni ya rubani, lenzi zimeshuka kama tone la maji. Tabasamu, si lile la picha, cheka kabisa. Umeona mashavu yanavyoinyanyua? Usinunue miwani bila kucheka mbele ya kioo. Na tazama macho yamekaa wapi: yakikaribia sana upande wa pua, lenzi ni pana kuliko uso wako.

Ya duara nilikwishaapa sitaivaa. Nikijiona kwenye skrini hapa, mh… si mbaya. Nafanana na mtu anayekuja kudai ada, lakini si mbaya. Ngoja niivae wiki moja, nitawaambia kwenye video ijayo, ile ya lenzi mliyoiomba.

Maikrofoni ni mpya leo, ikikwaruza semeni. Nabaki na ya waya. Hii ya 54 inarudi dukani, na aliyeniuzia aliniambia itazoea. Itazoea nini, pua?