Waya wa AUX wa elfu tano, Ngamiani

Gari yangu, Toyota Raum, ilikuja na redio yake ya Kijapani, FM 76 hadi 90 tu, kwa hiyo stesheni nyingi za kwetu haizishiki. Nikawa naendesha kimya kama natoka msibani.

Mwezi uliopita nikaingia kibanda kimoja cha vifaa vya simu Ngamiani, hapa Tanga, nikachukua waya wa AUX wa kuunganisha simu na redio, ule wa pini ya milimita 3.5 pande zote, umevikwa uzi kama kamba ya kiatu. Muuzaji alianzia elfu nane, tukamalizana tano.

Sauti nzuri kuliko nilivyotegemea. Ila pandisha kwanza sauti ya simu karibu mwisho, ndipo uguse kitufe cha redio. Ukianza na redio, utasikiliza mvumo mtupu. Nyimbo nimeshazipakua, bando halihusiki. Taarabu za zamani za Black Star na Lucky Star, watoto wa hapa hapa Tanga, gitaa linatoka hadi unasahau matuta ya Pongwe.

Kero ipo. Nikichaji simu kwenye tundu la kiberiti huku muziki unacheza, huja mlio mwembamba unaopanda kila nikikanyaga mafuta. Ni umeme wa alteneta unapenya kwenye sauti. Nikichomoa chaja, kimya. Sasa nachaji nyumbani usiku. Na kama simu yako haina tundu la hedifoni, nunua na adapta.

Halafu Jumamosi mama mkwe akapiga simu, wimbo ukiwa katikati. Abiria wote wanne wakasikia kwamba sijapeleka hela ya mchele.