Ziara Tano za Mwalimu wa Mbwa kwa Ajili ya Mlio wa LUKU

Kwa wiki 11 sasa nimekuwa nikitumia huduma ya mwalimu wa mbwa anayekuja nyumbani, hapa Arusha, na ninaandika maoni haya kwa ajili ya wenzangu wanaofuga mbwa asiye mkali wala mtoro, lakini ambaye hana raha ndani ya ua wake mwenyewe kwa sababu ya sauti za nyumba. Nililipa shilingi 300,000 kwa ziara sita, kila ziara ikichukua takriban saa moja na nusu, na hadi leo nimetumia ziara tano.

Popi ni dume wa kienyeji mwenye umri wa miaka saba hivi, tuliyeachiwa na jirani aliyehama. Godoro lake liko kibarazani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Tangu mwaka jana alianza kutetemeka, kuhema kama aliyetoka kukimbizwa, na kwenda kujibanza nyuma ya tangi la maji, ambako angeweza kukaa hadi jioni bila kugusa chakula. Sisi tulikuwa na hakika kwamba chanzo ni pampu ya maji, kwa kuwa ndiyo yenye ngurumo kubwa kuliko kitu kingine chochote hapa nyumbani. Usiku mmoja alikwaruza mlango wa jikoni mpaka kucha mbili zikatoka damu, ilhali pampu ilikuwa imezimwa tangu alasiri, na asubuhi yake ndipo nilipoanza kutafuta msaada.

Ziara ya kwanza ndiyo iliyonifanya niiamini huduma hii. Nilitazamia kijana yule aingie na mnyororo, amwite mbwa na kuanza kumpa amri. Badala yake aliketi kwenye kigoda kibarazani, akaniambia, "Mama, naomba tusimwite kwanza. Tuisikilize nyumba." Kisha akatuomba tuendelee na kazi zetu kama kawaida huku yeye akiandika kila sauti na kila alichofanya Popi ilipotokea. Pampu ilipowashwa, Popi aliinua kichwa akakilaza tena. Brenda ya kusagia juisi ilipounguruma, alihama mahali. Lakini rimoti ya LUKU (kifaa cha mita ya umeme wa kulipia kabla) iliyoko ukutani jikoni ilipoanza kulia kwa sababu uniti zilikuwa zinakaribia kwisha, ule mlio mfupi ambao sisi tulikwisha kuuzoea kiasi cha kutousikia, masikio yake yalilala nyuma, akapiga miayo mara mbili, akalamba midomo, kisha akaondoka kuelekea nyuma ya tangi. Nilikumbuka usiku ule wa kucha: uniti zilikuwa zimebaki mbili, na rimoti ililia hadi alfajiri.

Mwalimu alieleza jambo ambalo baadaye nililisoma mwenyewe. Sikio la binadamu husikia hadi takriban hezi 20,000, na la mbwa hufika karibu hezi 45,000, kwa hiyo sauti nyembamba inayotusumbua kidogo sisi inaweza kuwa kali mno kwake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, walichapisha mwaka 2021 utafiti uliowahoji wamiliki 386 na kuchambua video 62, wakaonyesha kwamba milio mikali na ya kukatika-katika, kama ule wa king'ora cha moshi chenye betri iliyochoka, huwatia mbwa hofu zaidi kuliko muungurumo mfululizo wa mashine ya kufyonza vumbi. Walionyesha pia kwamba wenye mbwa mara nyingi hawatambui ukubwa wa hofu hiyo, na katika video nyingi walikuwa wakiichekelea. Hilo liliniuma, kwa sababu watoto wangu waliwahi kumrekodi Popi akitetemeka, nami nilicheka pamoja nao.

Kazi yenyewe haina miujiza. Msingi wake ulikwisha kuwekwa mwaka 1924, pale mwanasaikolojia wa Marekani Mary Cover Jones alipomtibu mtoto aliyeogopa sungura kwa kumpa chakula anachokipenda huku sungura akisogezwa karibu kidogo kidogo. Kwetu, sungura ni mlio wa rimoti. Tuliurekodi kwenye simu, tukaucheza kwa sauti ndogo sana, simu ikiwa sebuleni na Popi akiwa kibarazani, na mara tu mlio uliposikika alipewa kipande cha firigisi ya kuku iliyochemshwa. Mpangilio huo haupaswi kugeuzwa: mlio hutangulia, chakula hufuata. Ukianza na chakula, mbwa atajifunza kwamba firigisi ni dalili ya balaa inayokuja, na utakuwa umemharibia hata chakula. Kila zoezi lilikuwa la dakika tano, asubuhi na jioni, na sauti iliongezwa tu pale Popi alipousikia mlio na kugeuka kututazama akitazamia chakula. Akikataa kula, hiyo si jeuri; ni ishara kwamba sauti imezidi, na hapo tulirudi nyuma.

Sharti gumu zaidi lilikuwa kwamba katika wiki hizo zote asiusikie mlio halisi hata mara moja, maana hofu moja kubwa hubomoa kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo ilibidi tununue umeme kabla uniti hazijashuka chini ya kumi, jambo linalohitaji nidhamu katika nyumba ambayo tokeni hununuliwa mtu anapokumbuka. Tulibandika karatasi kwenye mlango wa friji, na kila anayepita huandika uniti zilizobaki. Sufuria ya presha, ambayo filimbi yake nayo ilimtisha Popi, ilistaafishwa kwa muda, tukawa tunaloweka maharage usiku kucha na kuyapika kwa sufuria ya kawaida.

Ninamsifu mwalimu pia kwa kuondoa imani moja niliyokuwa nayo tangu utotoni, kwamba mbwa mwoga akibembelezwa utamzidishia woga. Hofu si tabia inayofanywa ili kupata malipo, na kumruhusu Popi aje kukaa karibu na miguu yangu hakukumharibu hata kidogo.

Sasa kasoro, na zipo. Kubwa kuliko zote ni kwamba hatukuulizwa kama mbwa alikwisha kupimwa na daktari wa mifugo. Nilimpeleka mwenyewe wiki ya tatu, baada ya kuona anasita kupanda ngazi za kibaraza, na daktari akakuta maumivu kwenye nyonga ya kushoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walilinganisha mwaka 2018 mbwa kumi wenye hofu ya sauti na maumivu ya mwili, na wengine kumi wenye hofu bila maumivu, wakaona kwamba hofu ya wale wenye maumivu ilianza wakiwa na umri mkubwa zaidi. Popi aliishi nasi miaka minne bila kujali rimoti, na hofu yake ilianza akiwa na miaka sita. Swali hilo lilistahili kuwa la kwanza kwenye fomu. Tangu aanze dawa ya maumivu mazoezi yalikwenda kwa kasi zaidi, na siwezi kumpa mwalimu sifa yote ya matokeo haya. Daktari huyo huyo alinikatalia dawa ya usingizi niliyoshauriwa na jirani, ya aina ya asepromazini, akieleza kwamba ikitumika peke yake huulegeza mwili huku akili ikiendelea kuogopa.

Kasoro ya pili ni maelekezo yaliyochapishwa kwa Kiingereza kitupu. Anayefanya zoezi la asubuhi ni dada anayetusaidia kazi za nyumbani, naye ndiye mwenye subira na upole kuliko sisi sote. Ilinibidi nikae jioni mbili kumtafsiria kurasa sita. Huduma inayouzwa Arusha inapaswa kuzungumza na mtu anayeshika mbwa, si anayeshika pochi peke yake. Tatu, tuliuziwa fulana ya kubana kifua, ya kumtuliza mbwa, kwa shilingi 45,000. Popi aliganda ndani yake kama sanamu, nasi tukaiweka kabatini.

Leo Popi husikia mlio wa rimoti kwa sauti yake halisi akiwa kibarazani, huinuka, na kuja mlangoni kudai firigisi. Brenda haimhamishi tena. Sufuria ya presha bado anaiogopa. Ikipiga filimbi, yeye husogea hadi uani, ila harudi nyuma ya tangi na chakula chake hula.

Ningelipa tena, lakini ningelipia ziara tatu badala ya sita: ya kwanza ya kusikiliza nyumba, ya pili ya kufundishwa zoezi, na moja baada ya mwezi ya kusahihisha makosa, kwa kuwa ziara ya tatu na ya nne zilirudia tuliyokuwa tukiyafanya vizuri wenyewe. Ziara ya sita nimeomba iwekwe hadi Novemba, nasi tumekwisha kuanza kurekodi fataki, ili mkesha wa mwaka mpya usitukute tukiwa hatujajiandaa.