Umekuja leo, sasa tutakuandaa nini tena?

Nimeambiwa hivyo mapokezini, kwenye huduma ya kuuandaa mwili wa mgonjwa wa saratani kabla ya upasuaji, kwa sauti iliyofika hadi benchi la nyuma: "Mzee, upasuaji wiki ijayo halafu ndiyo unakuja leo? Sasa hapa tutakuandaa nini tena?" Dada yule hata macho hakuyainua. Watu wakageuka. Nikabaki na barua yangu ya rufaa mkononi kama mwanafunzi aliyekosa kazi ya nyumbani.

Barua yenyewe ilikuwa imelala kwao wiki tatu hivi, au nne. Huduma hii ni ya kanda nzima, hospitali kadhaa zinaelekeza wagonjwa wao wa saratani hapo. Nikipiga simu hospitali, wameshaituma. Nikipiga pale, haijafika. Na jambo lenyewe ni muda! Mwili unanolewa mapema ili mapafu na misuli viwe na akiba siku ya kisu. Mvutaji sigara huambiwa aache walau wiki nne kabla. Wiki nne uzitoe wapi, nao wamezikalia?

Nilishageuka niondoke, binti wa mazoezi tiba akaniita kwa jina. Kwenye korido kulikuwa na koni mbili, mita 30 kati yake: tembea, kwenda na kurudi, dakika sita. Yeye akawa nyuma yangu kidogo, si ubavuni, nisije nikafuata mwendo wake. Dakika ya nne miguu ikagoma. "Simama upumue baba, ila saa haisimami." Kisha kiti: mikono kifuani, inuka, kaa, sekunde 30. Nikaambulia mara tisa. Na mimi siku zote najiita mzima! Mwenzake wa lishe akapiga hesabu ya protini kwa uzito wangu, gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo kwa siku. Nilikuwa sifikii hata nusu.

Zilibaki siku nane. Nilitembea kila jioni, nikainuka na kukaa hadi kiti kikaanza kulia, nikafanya zoezi lile la kuvuta pumzi ndefu ambalo wajukuu walilicheka. Siku ya mwisho nilifika mara kumi na mbili.

Asubuhi baada ya upasuaji nilikaa kwenye kiti bila kubebwa. Ni zile siku nane? Huenda ningekaa tu hata bila hizo, sibishani na madaktari. Ila nikiwaza zingekuwa wiki tano, hasira inarudi upya.

Nilikaa chini niandike msiende. Nendeni. Lakini barua ya rufaa msiiache itumwe, ibebeni wenyewe siku hiyohiyo mliyopewa majibu, na mdai saini ya aliyeipokea. Yule binti nampa nyota tano. Huduma kwa jumla tatu. Basi, mbili na nusu, maana juzi nimerudi kliniki nikapita pale mlangoni, na dada ni yuleyule, na kuna mama mmoja amesimama mbele yake ameshika bahasha.