Mashine ya kupimia presha nyumbani: miezi minne nikiwa nayo

Niliinunua baada ya mama kupinda mdomo ghafla na kikombe kumponyoka. Baada ya nusu saa akawa anaongea kama kawaida, lakini tulimkimbiza hospitali hivyo hivyo. Daktari alisema ni onyo la kiharusi, na kwamba presha huweza kuwa juu miaka mingi bila mtu kuhisi lolote. Mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu wapatao milioni 17.9 duniani, wengi wao kwa shambulio la moyo na kiharusi.

Hii ni ya kufunga juu ya kiwiko. Namba zake kubwa, mama anazisoma bila miwani. Betri bado zile zile.

Tatizo ni mkanda. Nina mkono mnene. Siku ya kwanza nilipata 152/96, nikaanza kuwaza wosia. Nilipotafuta mkanda mkubwa, ikasoma 134/84. Kumbe mkanda mdogo hupandisha namba! Muuzaji hakuniambia, na kijitabu kina herufi kama sisimizi. Hata hivyo sijajipongeza sana, maana kwa vipimo vya nyumbani 135/85 tayari ni juu.

Unatakiwa utulie dakika tano, uegemeze mgongo, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, na usiongee. Kwa mama, hilo la mwisho ndilo gumu. Akianza habari za jirani, namba zinapanda, tunarudia.

Nyota nne. Ya tano ameikosa muuzaji.